Ngome za Mgeni: Udongo wa Kitara Unatufundisha Nini?



Siku moja, wakati wa kulima maharagwe, mkatekista mmoja wa hapa Bihambwe aliniletea kigae cha chungu na kipande cha mavi ya chuma. Alivipata katika shamba lake, ndani ya udongo, kadiri ya mkono mmoja kwenda chini. Kigae kilikuwa na alama ndogondogo zilizofuatana, sawa vile kamba iliyosokotwa inavyoacha alama ikiviringishwa juu ya udongo mbichi. Wazee watatu walikuwa wamekaa barazani, wakingoja kusema nami juu ya shauri la mpaka wa mashamba. Walipokiona kigae, wote watatu walinyosha mkono.

Wa kwanza akasema: «Hiki ni chetu. Babu zetu walifinyanga namna hii mbele ya watu wote.» Wa pili akajibu: «Hata nyumbani kwa bibi yangu walifinyanga hivi hivi.» Wa tatu alinyamaza, akakigeuza kigae mara nyingi, kisha akauliza: «Padri, wenye elimu wanaweza kujua mwenye chungu hiki alisema lugha gani?»

Nilifahamu mara moja ya kuwa hawakuuliza habari ya chungu. Kila mmoja alitaka kigae kile kimtolee ushuhuda mbele ya hakimu. Sikuwajibu siku ile. Leo nataka kuwajibu wao, na ninyi pia, kwa kueleza habari ya ufalme mmoja wa kale ambao mabaki yake yalichimbwa wakati wa utawala wa wageni, na ugomvi mkubwa uliofuata juu ya mabaki hayo.

I. KWA NINI TWENDE KITARA

Kwetu Kivu ardhi imechimbwa kidogo tu na watu wa arkeolojia, maana yake elimu ya kuchunguza mambo ya kale kwa kuchimba udongo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, fasi mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, akavumbua vitu vya wavuvi walioishi miaka karibu 20,000 iliyopita au zaidi. Mwaka 1960 Jean Hiernaux na Emma Maquet walitoa kitabu juu ya mabaki ya nyakati za chuma katika Rwanda, Burundi na Kivu, na ndani yake walieleza fasi mbili za Walikale zenye matofali ya kale. Kazi hizo ni njema, lakini hazisemi neno juu ya ufalme.

Basi tuvuke milima ya Ruwenzori, tufike magharibi ya Uganda. Huko wazee husimulia habari za ufalme mkubwa wa zamani, jina lake Kitara. Husema kwamba kwanza walitawala Batembuzi, kisha wakaja Bacwezi, ndio Ndahura, Mulindwa na Wamara, watu wa ajabu ambao hawakufa bali walitoweka. Baada yao wakaja Babito, ambao ukoo wao unashika ufalme wa Bunyoro hata leo. Habari hizo si ngeni kabisa kwetu. Ibada za kubandwa, ambazo wazee wa Bushi, wa Buhavu na wa Rwanda walizifanya kwa jina la Lyangombe, ni ndugu za ibada ambazo kule Bunyoro hufanywa kwa majina ya Bacwezi. Mipaka tunayoiona katika ramani haikuwapo wakati ule.

II. UFALME ULIOVUNJWA, NA MAKABURI YAKE

Mwisho wa karne ya 19 mfalme wa Bunyoro alikuwa Kabalega. Waingereza walianza vita naye mwisho wa mwaka 1893, chini ya Kanali Henry Colvile, wakisaidiwa na majeshi ya Buganda. Kabalega alipigana nao miaka mingi, hata alipokamatwa tarehe 9 Aprili 1899. Walimpeleka katika visiwa vya Seychelles. Mwaka 1923 walimruhusu arudi, lakini alikufa njiani, mjini Jinja, asiione tena nchi yake akiwa hai. Walimzika Mparo, karibu na Hoima.

Watu wengi wanajua habari hiyo. Lakini kuna jambo jingine lililowauma Wanyoro kupita vita vyenyewe. Waingereza walikata sehemu kubwa ya Bunyoro, wakaipa Buganda iwe malipo ya msaada wake, na mapatano ya mwaka 1900 yakathibitisha tendo hilo. Watu wa Bunyoro waliziita nchi zilizopotea. Katika nchi hizo zilikuwamo Buyaga na Bugangaizi, na humo ndimo yalimokuwa makaburi mengi ya wafalme wa Bunyoro, yanayoitwa amagasani. Kilima cha Mubende pia kilikwenda, penye mahali patakatifu pa Ndahura.

Fikirini, wasomaji. Kwa Mnyoro kaburi la mfalme halikuwa shimo la kusahauliwa. Lilikuwa na nyumba yake, walinzi wake, na heshima zake. Nchi yenye makaburi hayo ikiwa chini ya machifu wa ufalme mwingine, ni nani atakayetunza nyumba? Ni nani atakayelisha walinzi? Watoto walifundishwa kwa Luganda, mashauri yaliamuliwa kwa Luganda, na hata kanisani sala zilisomwa kwa Luganda. Lazima sisi mapadri tuyakiri hayo bila kujificha.

Katika Maandiko Matakatifu tunasoma habari ya Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Waajemi. Mfalme alipomwuliza sababu ya huzuni yake, hakulia juu ya mali wala cheo. Alisema kwamba mji wenye makaburi ya baba zake umebaki ukiwa. Wanyoro walikuwa na huzuni ya namna hiyo, wakaandika barua kwa serikali miaka mingi. Uingereza iliondoka mwaka 1962 bila kumaliza shauri. Mwezi wa Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura, na wengi wakachagua kurudi Bunyoro.

III. HADITHI YA MGENI

Hivyo ndivyo ramani ilivyowanyang'anya Wanyoro makaburi yao. Lakini kulikuwa na unyang'anyi wa pili, uliofanywa kwa kitabu na si kwa ramani.

Kusini mwa mto Katonga kuna mahandaki makubwa ya kale. Ukiyapima yote pamoja yanapita kilometri 10, na penginepo yana kina cha metri 4, yamechimbwa hata ndani ya mwamba. Katikati yake kuna kilima chenye viwanja vilivyozungushwa. Mahali hapo panaitwa Bigo bya Mugenyi. Kila msemaji wa Kiswahili anaweza kusikia neno lililomo: mugenyi ni mgeni. Ngome za mgeni!

Wazungu walipoona mahandaki hayo, waliuliza: ni nani aliyeyachimba? Wengi wao walikuwa na jibu tayari mbele ya kuchimba hata shimo moja. Tangu mwaka 1863 msafiri John Hanning Speke alikuwa ameandika katika kitabu chake ya kuwa wafalme wa nchi za maziwa makuu walitoka Habeshi, kwa sababu, katika mawazo yake, Mwafrika wa Kibantu hakuweza kujenga dola kwa akili yake mwenyewe. Alimweleza hata Rumanika, mfalme wa Karagwe, kwamba ukoo wake ni wa Habeshi. Wengine baada yake waliwaita watu hao Wahamiti, yaani wana wa Hamu, wakasema kwamba wachungaji wa ng'ombe wenye miili mirefu ndio walioleta ufalme, na wakulima walipokea tu. Wengine walitaja Misri, na wengine hata Wareno.

Wanaseminari wajue jinsi jina la Hamu lilivyopotoshwa. Zamani watu fulani walisema kwamba weusi wote ni wana wa Hamu aliyelaaniwa, wakapata hivyo sababu ya kuwafanya watumwa. Lakini ukisoma Mwanzo, sura ya 9, utaona ya kuwa laana ya Noe ilitajwa juu ya Kanaani, si juu ya Hamu. Katika karne ya 19 wenye elimu waligeuza neno lilelile: sasa Mhamiti akawa mtu karibu na Mzungu, aliyezaliwa kutawala weusi wengine. Neno moja, maana mbili zinazopingana, na zote mbili zilimdharau Mwafrika.

Wamisionari hawakukosa sehemu yao. Padri Julien Gorju wa Mapadri Weupe, aliyekuwa baadaye askofu wa kwanza wa Burundi, alitoa mwaka 1920 kitabu juu ya nchi zilizo kati ya maziwa Victoria, Albert na Edward. Alikusanya habari nyingi za wazee ambazo pasipo yeye zingepotea, na lazima tumshukuru. Lakini naye alizifunga habari hizo katika fundisho lile la watawala waliotoka mbali kaskazini. Mtu anaweza kuwa na masikio mazuri na miwani mibaya.

Tena mambo hayo hayakuwa ya Uganda peke yake. Kule kusini, kuta kubwa za mawe za Zimbabwe zilisemwa kuwa kazi ya Wafoinike au ya malkia wa Sheba. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakaonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika wa nchi ileile. Hata hivyo, serikali ya walowezi haikupenda jibu hilo kwa miaka mingi. Sababu si ngumu kuifahamu. Ikiwa kila kitu kizuri katika Afrika kililetwa na mgeni, basi mgeni mpya anayetawala leo anafuata tu desturi ya nchi!

IV. WALIPOCHIMBA

Mwaka 1957 Peter Shinnie alichimba Bigo. Mwaka 1960 alimfuata Merrick Posnansky, aliyekuwa wakati ule mkubwa wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Bendera ya Uingereza ilikuwa bado inapepea.

Lakini mchimbaji anafanya nini? Hachimbi kama mtu anayetafuta dhahabu. Anaondoa udongo tabaka kwa tabaka, kwa kijiko na kwa burashi, kwa kuwa kilicho chini kwa kawaida ni cha zamani kuliko kilicho juu. Kila kigae na kila mfupa anaandika ulilala wapi. Kitu kilichoondolewa fasi yake bila kuandikwa ni sawa shahidi aliyekatwa ulimi.

Tena kuna njia ya kupima miaka, aliyoivumbua Mmarekani Willard Libby, akaitangaza mwaka 1949. Kila kiumbe kilicho hai, mti au ng'ombe au mtu, hupokea kaboni kutoka hewani, moja kwa moja au kwa njia ya chakula, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya namna inayopungua polepole. Kiumbe kikifa, hakipokei tena. Baada ya miaka 5,730 inabaki nusu tu ya ile iliyokuwamo. Basi mwenye elimu akipima makaa ya moto wa kale, anaweza kukadiria mti ule uliishi karne gani. Makaa hayajui kusema uongo kwa kumpendeza mfalme wala gavana.

Katika Bigo hawakuona kitu cha Wareno wala cha Misri. Waliona mifupa mingi ya ng'ombe, na vigae vyenye alama za kamba iliyoviringishwa, namna ileile ambayo wafinyanzi wa nchi za maziwa wamekuwa wakiitumia tangu miaka kama 1,000 iliyopita. Makaa yalionyesha karne ya 14 hata ya 16. Yaani watu walikaa pale mbele ya Mreno yeyote kufika Mombasa, na wakati Wareno walipofika pwani, mahali hapo palikuwa karibu kuachwa.

Na lile jina, Ngome za Mgeni? Wazee hawakulifasiri vile Wazungu walivyolifasiri. Katika masimulizi yao Mugenyi ni jina la mtu, Mcwezi mmoja aliyempenda mno ng'ombe wake aliyeitwa Bihogo. Kwetu pia mtoto anaweza kuitwa kwa neno lenye maana ya mgeni, naye amezaliwa katika nyumba ya baba yake.

Posnansky mwenyewe alikuwa bado anafikiri kwamba Bigo ulikuwa mji mkuu wa wafalme wachungaji, na kwamba wakulima walikuwa watu wao wa chini. Waliofuata walisahihisha jambo hilo pia. Katika Ntusi, si mbali na Bigo, Andrew Reid alichimba mwisho wa miaka ya 1980. Huko kuna vilima viwili ambavyo watu wa mahali wanaviita kimoja dume na kingine jike. Kumbe vilima hivyo ni majalala! Ni takataka za watu wengi waliokaa pale tangu karne ya 11 hata ya 15: majivu, vigae, mifupa ya ng'ombe isiyohesabika. Lakini katika majalala hayohayo mlikuwa na mawe mengi ya kusagia nafaka. Walikuwamo hata ushanga wa kioo, uliopita mikono mingi kutoka bahari ya Hindi.

Katika Munsa, Peter Robertshaw alikuta mahandaki ya karne za 14 hata 16, na ndani yake shimo la kuwekea nafaka na tanuru la kuyeyusha chuma. Katika Kibiro, kando ya ziwa Albert, Graham Connah alichimba miaka ya 1989 na 1990, akaona kwamba watu wamepika chumvi pale kwa miaka 700 au zaidi. Hata leo ni wanawake wanaoifanya kazi hiyo, na bustani za chumvi hurithiwa nao.

Basi tazameni orodha: ng'ombe, nafaka, chuma, chumvi, vyungu. Nguvu ya nchi zile za kale haikutoka katika kabila moja la watawala waliokuja na ufalme mfukoni. Ilitoka katika mchungaji aliyehitaji uji na jembe, katika mkulima aliyehitaji maziwa na chumvi, katika mama wa Kibiro aliyehitaji chakula kwa kuwa fasi yake ni kame. Majalala ya Ntusi yanaonyesha ya kuwa mifupa ya ng'ombe na jiwe la kusagia vilitupwa katika lundo moja.

V. UDONGO UNATUSAHIHISHA SISI PIA

Kama ningeacha hapa, wasomaji wengi wangefurahi: Wazungu walikosea, wazee wetu walisema kweli. Lakini Padri anayesema nusu ya kweli hafai kufundisha.

Wanyoro waliopokonywa nchi walijitetea kwa silaha iliyobaki, ndiyo historia. Mwaka 1911 Ruth Fisher alikuwa amechapisha masimulizi yao pamoja na majina ya wafalme. Miaka ya 1930 mfalme Tito Winyi wa Nne, mwana wa Kabalega, aliandika katika jarida la Uganda, akijificha chini ya herufi K.W., na safari hii orodha ya wafalme ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1947 John Nyakatura alitoa kwa Kinyoro kitabu kikubwa cha wafalme wa Bunyoro-Kitara, kilichopigwa chapa huko Kanada. Buganda jirani walikuwa wamekwisha chapisha orodha yao, tena ndefu. Mwaka 1980 mwana-historia David Henige alionyesha jinsi orodha hizo zilivyokua zikishindana, kwa sababu mbele ya serikali ya Kiingereza ufalme wenye majina mengi ulionekana wa kale zaidi na wenye haki zaidi.

Je, tuwaite waongo? Hapana. Mtu aliyenyang'anywa kaburi la babu yake atasema jina la babu kwa sauti kubwa. Lakini kelele si hesabu.

Na dola kubwa ya Bacwezi je? Wachimbaji hawakuona mji mkuu mmoja uliotawala nchi zote. Ntusi, Bigo, Munsa na mengine yanaonekana kuwa makao ya wakubwa mbalimbali, yaliyoinuka na kuachwa kwa nyakati zisizo sawa, labda yakishindana. Mwaka 1958 Christopher Wrigley alikuwa amekwisha kuuliza kama Bacwezi hawakuwa kwanza miungu, ambao baadaye watu waliwafanya wafalme. Udongo haujatoa kaburi la Wamara wala kiti cha Ndahura. Umetoa kazi ya mikono ya watu wasio na majina, na kazi hiyo ni kubwa kutosha.

Kisha sikilizeni tena jambo la huzuni. Zile nchi mbili zilizorudishwa kwa kura ya 1964 ziliwekwa baadaye katika wilaya iliyoitwa Kibaale. Huko walikuwa wamehamia watu wengi kutoka kusini magharibi ya Uganda, hasa Wakiga. Mwaka 2002 palitokea ugomvi mkali juu ya uchaguzi wa mkubwa wa wilaya, na Wanyoro wengi waliwaita wale wengine bafuruki, wahamiaji, wakitaka waondoke. Watu walewale waliolia miaka sitini kwa sababu walifanywa wageni katika nchi ya makaburi yao, sasa nao walipata mgeni wa kumfukuza.

VI. NA SISI WA MASISI

Hapo, wasomaji, sihitaji kueleza sana. Hapa kwetu pia kalamu ya serikali ya wageni ilikata nchi. Tangu mwaka 1937 Wabelgiji waliwahamisha watu wengi kutoka Rwanda kuja Masisi, wakawagawia ardhi ya watu wengine, bila kufikiri sana watoto wao wote wataishije pamoja. Hapa pia vitabu viligawa watu: huyu mtawala kwa damu, huyu mkulima kwa damu, huyu mwenyeji, huyu mgeni. Mwaka 1993 tuliona matunda ya mafundisho hayo, na tangu hapo hatujamaliza kuyaona. Mapango na majengo ya misioni yamepokea wakimbizi wa kila lugha ya Masisi na Walikale, kila mmoja kwa zamu yake.

Wengine hutumaini kwamba arkeolojia itaamua: nani alitangulia? Nawaambia kwamba haiwezi, na haifai kuombwa hivyo. Kigae kinaweza kuonyesha kwamba mtu alipika hapa miaka 500 iliyopita. Hakiwezi kuonyesha alisali kwa lugha gani, wala wajukuu wake ni nani leo, kwa maana mfinyanzi huolewa mbali, na alama za chungu chake humfuata. Shauri la shamba ni la sheria, na la upatanisho mbele ya Mungu na watu. Tusiwatume wafu kwenda barazani mahali petu.

Je, basi tuvitupe vigae? Hata kidogo. Wanaseminari wanaokwenda likizo katika vijiji wanaweza kufanya kazi njema, wakifuata mambo haya manne.

Kwanza, ukiona vigae, matofali, mavi ya chuma au mifupa ya kale, usichimbe kwa kutafuta zaidi. Mchimbaji asiyefundishwa huharibu kuliko mvua.

Pili, andika mara moja: jina la kilima, kina cha shimo, udongo ulikuwa wa rangi gani, ni nani aliyeona.

Tatu, waulize wazee wa mahali, wa kila kabila, kila mmoja peke yake, na uandike majibu yao yote, hata yale yanayopingana. Usichague lile linalokupendeza.

Nne, usiuze kitu wala kumpa mpita njia. Wapashe habari wenye kazi hiyo, ndiyo Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kongo, iliyoundwa mwaka 1970, au walimu wa chuo kikuu.

Kigae cha Bihambwe kipo bado hapa misioni, katika sanduku, pamoja na karatasi yenye jina la kilima na kina cha shimo. Wazee wale watatu walirudi baada ya majuma mawili. Niliwasimulia habari ya Bigo, ya makaburi ya Buyaga, na ya majalala ya Ntusi. Yule wa tatu alitaka kukishika tena kigae. Akaweka kidole chake katika alama za kamba, akazifuata polepole hata ukingoni, akasema: «Huyu mama alikuwa na mkono mzuri.» Wenzake wawili wakainama kutazama. Kwa muda kidogo hakuna aliyeuliza alikuwa wa nani. Kisha tukaanza shauri la mpaka, ambalo halikwisha siku ile, lakini walikubali kurudi tena siku ya Alhamisi.